Bima wananipa 230,000 na wanataka sahihi yangu Ijumaa. Nichukue?

Swali: Hujambo, wakili. Mimi ni opereta katika kiwanda cha katoni huko Athi River, huu ni mwaka wa sita. Mwezi wa tatu mashine ya kukatia ilinishika mkono wa kulia. Nilipoteza kidole cha shahada chote na nusu ya kidole cha kati, na gumba halikunji vizuri. Kiwanda kililipa hospitali. Miezi miwili nililipwa kamili, mitatu iliyofuata nikalipwa nusu, kisha nikarudishwa kazini upande wa kupanga maboksi. Daktari wa hospitali aliandika ulemavu wa kudumu asilimia 18. Mwezi uliopita bima walinipeleka kwa daktari wao Nairobi, akaniangalia kama dakika kumi. Sasa ajenti wa bima amekuja na meneja wa wafanyakazi, wanasema watanipa KSh 230,000, nitie sahihi kabla ya Ijumaa, la sivyo faili inarudi makao makuu na hawajui nitalipwa lini. Meneja akaongeza kwamba hata hivyo kosa lilikuwa langu, nilifungua kinga ya mashine. Karatasi yenyewe ni ya Kiingereza, kurasa mbili. Mshahara wangu wa msingi ni 24,000, nyumba 3,600, na nikiweka ovataimu inafika kama 32,000. Shemeji anasema nichukue, fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani naye ana wakili anayesema twende kortini tudai milioni tatu, yeye achukue asilimia 30. Karo ya Januari iko mlangoni. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, usitie sahihi Ijumaa. Ilinipasa kuanza kwa pole, na pole nakupa, maana najua opereta bila mkono wa kulia anajihisi vipi. Lakini huenda unasoma haya Alhamisi usiku, kwa hiyo la sahihi limetangulia. Kama hatimaye utapokea pesa za bima hii ni swali lingine, na jibu lake laweza kuwa ndiyo. Ofa hii uliyoletewa ndiyo yenye kasoro, na kasoro zake zinaonekana kwa kalamu na karatasi tu.

Tuifumue. Ofa ya bima haianguki kutoka mbinguni. Kuna mtu mahali fulani aliyebonyeza kikokotoo. Sheria ya Kenya ya majeraha ya kazini ni ya 2007, ikaanza kutumika Juni 2008, na wote tunaiita kwa kifupi chake, WIBA. (Wafanyakazi hutamka "waiba". Nikiona ofa kama yako, sithubutu kuwasahihisha.) Kwa ulemavu wa kudumu, kifungu cha 30 kinataka uchukue mapato ya miezi 96, kisha upate asilimia ya ulemavu wako katika jumla hiyo. Kuna kima cha chini na cha juu ambacho waziri hupanga, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo, hata mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Sasa chukua mshahara wako wa msingi, 24,000, uzidishe kwa 96. Unapata 2,304,000. Asilimia 10 ya pesa hizo ni 230,400. Futa hizo mia nne ili nambari ikae vizuri, na ofa ya ajenti hiyo hapo mezani. Sijaiona ripoti ya daktari wao, na nadhani hata wewe hujaonyeshwa, lakini sitashangaa ikiwa imeandika asilimia 10.

Rudia hesabu hiyo kwa nambari zako: 32,000 mara 96 ni 3,072,000, na asilimia 18 yake ni 552,960. Kati ya nambari yao na yako kuna zaidi ya laki tatu, na pengo hilo lote limetokana na mambo mawili tu: mapato gani yamehesabiwa, na asilimia ya nani imetumika. Ndiyo maana sipendi mtu akiniuliza "hizi pesa ni nyingi au ni kidogo?" Laki mbili na thelathini ni nyingi ukiwa na karo ya Januari mlangoni. Niulize badala yake zimehesabiwaje.

Kuhusu mapato, watu wengi wa bima huanza na mshahara wa msingi kwa sababu ndio mdogo kuliko yote. Sheria haiishii hapo. Mapato yanajumuisha thamani ya makao na chakula kama mwajiri anavitoa, na malipo ya ziada ambayo ni ya kawaida, ikiwemo ovataimu unayoifanya mwezi baada ya mwezi. Yasiyohesabiwa ni ovataimu ya kubahatisha, nauli, na zawadi za mara moja. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta peislipu za miezi 12 kabla ya ajali. Kama ovataimu imo katika miezi kumi kati ya hiyo, hiyo ni ya kawaida na wastani wake unaingia. Kama ni ya Novemba na Desemba tu wakati oda za sikukuu zinapofurika, usiitegemee sana. Hapo bima watakushinda na watakuwa na haki. Hata ukiiacha ovataimu kabisa na kuhesabu msingi na nyumba peke yake, yaani 27,600, kwa asilimia 18 unafika 476,928. Bado ni zaidi ya maradufu ya ofa. Ikiwa peislipu zimepotea, taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha mshahara ukiingia itasaidia.

Asilimia ndiyo vita halisi, na hapa nataka twende polepole. Sheria ina Jedwali la Kwanza linalotaja viungo na asilimia zake, na vidole vimehesabiwa hadi pingili. Daktari mwenye haraka hufungua jedwali, hutazama vidole ambavyo havipo, huandika nambari, humwita mgonjwa anayefuata. Kwa dakika kumi hilo ndilo linalowezekana. Lakini wewe una gumba ambalo lipo na halikunji. Bila gumba linalokunja, mkono hauwezi kushika. Unasukuma tu na kubeba kwa kiganja. Kiungo kilichopoteza kazi yake nacho kinahesabiwa, hata kama bado kimeshikamana na mwili. Isitoshe, jeraha likiwa na madhara makubwa kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mtu, sheria inaruhusu asilimia ipandishwe. Opereta aliyekuwa akilisha mashine kwa mkono wa kulia na sasa anapanga maboksi ana hoja nzuri hapo.

Basi dai nakala ya ripoti ya daktari wao. Isome ukiwa na ile ya hospitali, uone gumba limetajwa wapi. Nimeona ripoti nyingi ambazo tofauti ya asilimia nane ilikuwa ni mstari mmoja uliosahauliwa. Kama gumba halimo, huna haja ya kubishana na mtu, unaonyesha kidole. Kama limo na wameliwekea asilimia ndogo, omba upimwe na daktari wa tatu, ikiwezekana wa mifupa katika hospitali ya serikali, ambaye hakulipwa na upande wowote. Mwulize pia kama mkono umefikia mwisho wa kupona. Ikiwa kuna upasuaji mwingine unaozungumziwa, au fiziotherapia bado inaendelea, basi asilimia ya leo si ya mwisho, na kufunga madai sasa ni kuuza mahindi yakiwa bado shambani.

Kuna pesa nyingine ambazo ajenti hakuzitaja kabisa, labda kwa kusahau. Ile miezi mitano uliyokaa nyumbani ni ulemavu wa muda, na sheria inaulipa peke yake, mbali na ule wa kudumu. Malipo yake ni sawa na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Ulipolipwa nusu kwa miezi mitatu, ulidhulumiwa nusu ya pili. Kama nusu hiyo ni 16,000, kuna 48,000 zako hapo. Vilevile matibabu ni mzigo wa mwajiri: dawa, kufungwa kidonda, fiziotherapia, na kifaa chochote cha kusaidia mkono. Ulizolipa kutoka mfukoni ukiwa na risiti, zirudishwe. Hayo yote hayamo katika zile hesabu za miezi 96. Ukiona karatasi yao imeandika kwamba 230,000 ni "pamoja na" mshahara, matibabu na kila kitu, ujue wamekupunguzia mara ya tatu.

Na sasa karatasi yenyewe, ambayo watu wa bima huiita vocha ya disichaji. Kurasa mbili za Kiingereza, siku chache za kufikiri: mimi hiyo peke yake ingenitosha kukataa. Kila karatasi ya aina hii ina moyo wake, sentensi moja inayosema unapokea pesa hizi na hutadai tena kitu chochote, cha sasa au cha baadaye, kwa mwajiri wala kwa bima. Sentensi nyingine zote ni nguo tu. Tafuta mambo matatu humo ndani. Je, inataja asilimia na mapato yaliyotumika, au ni jumla tupu? Je, inafunga matibabu ya baadaye? Na je, kuna mahali inasema unaacha kazi kwa hiari yako?

Watu huniambia, "Lakini wakili, nikitia sahihi kisha nikaona nimepunjwa, si nitaenda kortini?" Mahakama ya Rufani imeliangalia jambo hili, ingawa katika kesi za watu walioachishwa kazi. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, ilisema kwamba karatasi ya kumaliza madai haimfungi mwajiriwa moja kwa moja. Inategemea mazingira ya kutia sahihi na kama alijua anachoacha. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mfanyakazi aliyetia sahihi kwa hiari yake akielewa alifungwa na sahihi yake. Ukiziweka pamoja unaona kwamba mlango haujafungwa kabisa, ila itabidi wewe ndiye uthibitishe kwamba hukuelewa au ulishurutishwa, na hiyo ni kesi ya miaka. Baada ya kusoma jibu hili huwezi tena kusema hukuelewa, samahani.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa wakili kijana, nilimwacha fundi mmoja wa ujenzi atie sahihi karatasi kama hiyo kwa sababu pesa zilikuwa nzuri na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Nilihakiki hesabu, nikasahau kusoma mstari wa matibabu ya baadaye. Baada ya mwaka na nusu chuma kilichowekwa mguuni kikaanza kumsumbua, akahitaji kupasuliwa upya. Alilipa mwenyewe. Tangu siku hiyo husoma karatasi hizi kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Turudi kwa yale maneno ya meneja, kwamba kosa ni lako. Hayo husemwa ili ujione unapewa hisani. Fidia ya WIBA haitegemei nani alikosea. Hata ukiwa ulizembea, jeraha lililotokea kazini na kutokana na kazi linalipwa. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa makusudi kabisa, na hata huo haukunyimi kama ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Kufungua kinga ya mashine ili kutoa karatasi iliyokwama, jambo ambalo naamini kila opereta wa zamu yako analifanya na msimamizi analiona, ni mbali sana na utovu wa makusudi. Usijibizane naye juu ya hilo. Andika tu majina ya wenzako waliokuwa zamu.

Jambo ambalo hukulitaja katika swali lako ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote: ofisi ya serikali iko wapi katika hadithi hii? Chini ya WIBA, mezani huwa kuna mtu wa tatu. Mwajiri akipata habari za ajali ana siku saba kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani ile idara tunayoiita DOSHS, na kama mtu amefariki ni ndani ya saa 24. Daktari hujaza sehemu yake ya fomu, Mkurugenzi hukokotoa fidia, na mwajiri au bima hupelekewa dai walilipe ndani ya siku 90. Asiyeridhika, awe wewe au wao, ana siku 60 za kupinga kwa maandishi. Mkurugenzi anapaswa kujibu ndani ya siku 14, na baada ya hapo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Huo ndio utaratibu, na hauhitaji wakili kuuanzisha. (Msomaji wa Tanzania atashangaa tunavyohangaika na maajenti, kwao waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko ndio unaolipa.)

Sasa, je, ajali yako iliripotiwa? Hujui, na ajenti hana hamu ya kukuambia. Mara nyingi ofa ya haraka ya namna hii huja ama kabla Mkurugenzi hajakokotoa, ama baada ya kukokotoa na bima kuona nambari wasiyoipenda. Katika hali zote mbili faida ni yao. Nenda DOSHS mwenyewe, ofisi inayohudumia kaunti ya Machakos, ukiwa na kitambulisho, ripoti ya hospitali na peislipu. Uliza kama kuna faili kwa jina lako na kama fidia imekokotolewa. Kama ipo, omba nakala, na maongezi yote na ajenti yaanzie kwenye nambari hiyo. Kama haipo, wasilisha dai lako siku hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo, nimesema, kwa sababu ukomo wa kweli si Ijumaa. Sheria inakupa miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai, na haki inaweza kupotea ukiuacha muda huo upite. Wewe uliumia mwezi wa tatu, na huu ni mwezi wa kumi na moja. Una muda, lakini si wa kuchezea. Ninachokiogopa zaidi ya wewe kutia sahihi Ijumaa ni ukatae, kisha ajenti akuweke kwenye simu za "bado tunashughulikia" hadi Aprili.

Kuhusu wakili wa jirani, nitakuwa mfupi. Kudai milioni tatu kortini kwa uzembe wa mwajiri ni mlango uliofungwa. Kifungu cha 16 kinasema fidia ya sheria hii inachukua nafasi ya kesi ya madai dhidi ya mwajiri. Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikakirudisha 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza mjadala tarehe 3 Desemba 2019 kwa kusema kinasimama. Kesi nyingi zilizofunguliwa katika mahakama za mahakimu baada ya hapo zimetupwa kwa kukosa mamlaka, na wenye kesi wakabaki na gharama. Ungekuwa umeumizwa na mtu mwingine asiye mwajiri wako, tuseme lori la kampuni nyingine lililoingia kiwandani kuchukua mzigo, tungezungumza lugha tofauti. Mashine ni ya kiwanda. Ama ile asilimia 30 ya utakachopata, Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu au kwa kununua sehemu ya madai yako. Wakili anayeanza kwa kukupa mkataba ambao sheria yake mwenyewe haiutambui, fikiria atakavyomaliza. Ukihitaji msaada wa kusoma karatasi au kuandika pingamizi, lipa ada ya kazi hiyo, au anza na chama cha wafanyakazi kama kiwandani kipo. Kwa vyama vingi hii ni kazi ya kila wiki.

Shemeji yako sasa. Simdharau. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimeona watu waliokataa pesa halali wakisubiri tuzo ambayo mwajiri aliyefilisika hakuwa na kitu cha kuilipa. Mkurugenzi akikokotoa na bima wakagoma, kuna safari nyingine ya kwenda Mahakama ya Ajira na Leba kuomba tuzo itekelezwe, na safari hiyo ina nauli yake. Kwa hiyo kupokea pungufu kidogo leo kwa ajili ya uhakika ni biashara halali. Swali ni pungufu kiasi gani, na uhakika wa nini. Kiwanda chako kinafanya kazi, kina bima, na bima yenyewe imeshakuja na kalamu mkononi, maana yake haina shaka kwamba inadaiwa. Anayedai mtu wa namna hiyo hana sababu ya kusamehe zaidi ya nusu.

Ningekuwa mimi, ningejiwekea mstari kabla ya kurudi mezani. Kama madaktari wawili wanavutana na wote wana hoja, asilimia 14 ya mapato yako kamili ni 430,080. Wakifika hapo au juu yake, wakalipa zile 48,000 mbali, matibabu ya mkono huu yakabaki wazi, na kazi yako isiguswe, ningemwambia dada yangu wa tumbo moja achukue, anunue unga na kulipa karo. Wakija na 350,000 na karatasi ile ile ya kurasa mbili, ningesubiri Mkurugenzi. Katikati ya hapo ni suala la moyo wako na deni lako, siwezi kukuamulia. Wala usiwatajie mstari huo. Wao waanze na 552,960 yako.

Karo ya Januari usiichanganye na fidia. Dai kwanza zile 48,000 za miezi mitatu pamoja na risiti, kama malimbikizo ya mshahara na matibabu, bila karatasi ya kufunga kitu. Hakuna ubishi wa asilimia hapo, kwa hiyo hawana kisingizio cha kuzishikilia. Wakizilipa, presha ya Ijumaa imeondoka. Wakikataa, chama chako cha akiba au Sacco wakukopeshe kiasi cha karo; riba ya miezi michache ni ndogo kuliko laki tatu. Mikopo ya simu iache.

Na kazi yako? Umerudishwa kwenye maboksi, na sikusikia ukisema mshahara umepunguzwa, lakini chunguza peislipu ya mwisho. Katika karatasi hizi hupenda kujificha sentensi ya kujiuzulu, ili mwaka ujao wasikukute tena getini. Ukijiuzulu unapoteza notisi, na hoja yoyote ya kuachishwa isivyo halali. Wakitaka kukuondoa kwa sababu mkono hauwezi kazi, Sheria ya Ajira, kifungu cha 41, inawalazimu wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, wakusikilize kabla ya kuamua. Hilo ni jambo la siku yake, na lina malipo yake. Lisiingizwe kwenye vocha ya vidole.

Ijumaa nenda kazini kama kawaida. Ajenti akija, usimfokee, naye ametumwa. Mpe barua hii, uliyoiandika kwa mkono wowote unaoweza: "Nimepokea ofa yenu ya KSh 230,000. Kabla ya kuijibu naomba nakala ya ripoti ya daktari wenu, maelezo ya mapato na asilimia mlizotumia, na nakala ya taarifa ya ajali iliyopelekwa kwa Mkurugenzi. Naomba pia malipo ya nusu mshahara ya miezi mitatu, ambayo hayana mgogoro. Sijakataa ofa na sijaikubali." Tarehe, jina, sahihi. Nakala ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, ipige picha ukiwa umeiweka mezani kwao, uitume kwa baruapepe ya kiwanda usiku huo huo, na Jumatatu asubuhi uwe kwenye foleni ya DOSHS ukiwa nayo.